Jumapili ile intaneti ilipokatika, na mfereji wa baba

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, Mungu ni mwema, nilikuwa na sapu moja tu na nimeshaifaulu. Kimya changu kilitokana na mambo mawili: ripoti ya mradi wa mwaka wa tatu, na fomu moja ndefu ya kuomba ufadhili wa kuendelea na masomo. Hiyo fomu ndiyo imenirudisha hapa leo. Ina swali moja dogo ambalo limenikalisha kwenye kimbweta saa nzima nikitazama skrini, chai yangu ikapoa mpaka ikaota ngozi juu.

Swali lenyewe ni hili: "Kazi ya mzazi au mlezi."

Nitafika huko. Kwanza niwarudishe nyuma, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024.

Siku ile nilikuwa mwaka wa kwanza, bado mgeni mgeni hapa chuoni. Arusha ilikuwa baridi ile ya mwisho wa masika, Meru haionekani kabisa, ukungu umekaa mpaka kwenye migomba. Ilikuwa Siku ya Mama Duniani, kwa hiyo tangu alfajiri kila mtu hosteli alikuwa anabandika picha ya mama yake. Mimi nilikuwa na shughuli yangu nyingine. Kulikuwa na nafasi za mafunzo ya majuma sita nje ya nchi kwa wasichana wanaosoma sayansi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku hiyo hiyo, saa sita usiku. Kila kitu kilikuwa tayari: barua, matokeo, picha. Nikajiambia nitoke kwanza ibadani, nirudi nile, nitulie, nitume. (Msinicheke. Mtanzania gani hutuma kitu siku tatu kabla?)

Natoka ibadani, simu haifungui kitu. WhatsApp inazunguka tu. Nikadhani bando limeisha, nikanunua lingine. Likazunguka vile vile. Mwenzangu wa chumba naye alikuwa ameshanunua mara mbili, analia na mtandao wake kwamba wamemuibia. Tulipofika kwenye vimbweta tukakuta chuo kizima kiko nje, kila mtu ameinua simu juu kama anapiga picha mawingu. Hapo ndipo tukajua si bando.

Nikapanda Hiace mpaka mjini. Nikatembea kutoka Mnara wa Saa, nikaingia sehemu mbili ambazo huwa wana intaneti ya uhakika. Ya kwanza kijana aliniambia, "Dada, hata hapa ni kimya." Ya pili ukurasa ulifunguka, nusu. Nikajaza, nikafika kwenye kupakia matokeo, kile kimstari kikatembea mpaka theluthi moja kikasimama. Nilikaa pale mpaka wakafunga. Nikarudi chuoni na Hiace ya mwisho, na saa sita ya usiku ikanikuta nimeshika simu gizani. Ikapita.

(Jumanne, mtandao ulipoanza kupumua pumua, niliwaandikia kueleza yaliyotokea. Wakanijibu kwa adabu sana kwamba dirisha limefungwa. Basi.)

Lakini katikati ya Jumapili ile, kama saa mbili usiku, nikiwa bado pale mjini natazama kile kimstari, baba alinipigia. Simu za kawaida zilikuwa zinaingia, ni intaneti tu iliyokufa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimesikia redioni intaneti imekatika. Imekatikia wapi?"

Nikamwambia wanasema ni baharini, huko upande wa Afrika Kusini. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo:

"Basi sio kwetu. Ile ya kwetu tulifukia vizuri."

Nilicheka. Nilipokata simu nikajikuta nalia, na sikujua ninalilia nini hasa, ile nafasi au yeye.

Sasa niwaeleze baba anazungumzia nini.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la kwanza. Kwetu ni upande wa mashariki wa Meru, juu ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukivuka Usa River unapandisha. Mwaka ule walikuja watu kuchimba mfereji wa kupitishia nyaya za mawasiliano. Sisi wote tuliuita "mkongo", ingawa siku hizi najua kwamba Mkongo wa Taifa ulikuwa mradi mmoja na kwamba kampuni mbalimbali nazo zilichimba njia zao. Ulikuwa wakati wa kuchimba nchi nzima. Kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Dar es Salaam na kuzinduliwa Julai 2009, ya EASSy ikaanza kazi 2010, na serikali ilikuwa inatandaza Mkongo wake ambao kufikia 2012 ulikuwa na kilomita 7,560. Kebo ikifika ufukweni haijamsaidia mtu wa Arusha mpaka mwingine aipokee aivute kuja huku bara. Na kuivuta maana yake ni sururu.

Baba alikuwa kibarua. Mkandarasi alilipa kwa mita, kila mtu anapimiwa kipande chake asubuhi, mita moja na nusu kwenda chini. Mimi na mama tulikuwa tunampelekea makande mchana. Nakumbuka kichwa chake tu kikionekana juu ya ardhi, kofia imejaa vumbi.

Kwa wasioujua udongo wetu: Meru ni volkano, na zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka ukamwagika tambarare. Ukisimama Momella ukautazama mlima unaona kabisa lile pengo. Yale mawe yaliyomwagika hayajaenda popote. Yako chini ya migomba yetu. Unachimba sentimita sitini za udongo mweusi mtamu kama keki, halafu unagonga jiwe la ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Mwenye kipande chenye udongo anamaliza saa sita mchana. Mwenye kipande chenye jiwe anakaa nalo siku tatu na mtaimbo na nyundo, na mita yake inalipwa bei ile ile.

Msimamizi alikuwa na fito iliyopakwa alama nyekundu ya kupimia kina. Wajanja walikuwa wanarundika udongo kingoni, fito ikipimwa kutoka juu ya rundo inaonyesha kina kimetimia, kumbe mfereji una mita moja tu. Baba hakufanya hivyo. Nakumbuka mama akimgombeza usiku, kwamba wenzake wanapata mara mbili yake na yeye anabembeleza mawe. Yeye anajibu tu, "Kikija kukatwa nitakuwa nimekikata mimi."

Nilivyokwenda sekondari ya bweni nikajazishwa fomu. Kazi ya mzazi. Wenzangu wanaandika mwalimu, mfanyabiashara, nesi. Mimi nikaandika "mtaalamu wa mawasiliano". Nilikuwa na miaka kumi na nne, jamani. Siku ya wazazi baba akaja amevaa koti lake la harusi, rafiki yangu akamuuliza kama anaweza kumtengenezea simu. Baba akanitazama. Hakusema kitu. Akachukua ile simu, akaigeuza geuza, akamwambia, "Hii inataka fundi mwenye vifaa, mwanangu." Hatujawahi kuliongelea lile.

Turudi kwenye nyaya. Baada ya ile Jumapili niliingiwa na hasira ya kutaka kujua. Mimi nasoma fizikia na ualimu, na nikagundua kwamba sijui kabisa jinsi waya wa kilomita elfu kumi unavyowekwa chini. Nikaanza na mtu wa karibu. Likizo ile nilimkalisha baba kibarazani nikamuuliza: mkishamaliza kuchimba, waya unaingiaje?

Akanieleza vizuri kuliko kitabu chochote.

Kwanza hauingii waya. Linaingia bomba, la plastiki, limekuja limezungushwa kwenye roli kubwa. Linalazwa, linafunikwa udongo laini usio na mawe, juu yake unawekwa utepe wa tahadhari ili atakayekuja kuchimba baadaye aukute utepe kabla hajalikuta bomba, halafu ndio unafukia. Kila baada ya umbali fulani inajengwa chemba. Hapo bomba ni tupu. Waya unakuja baadaye, na hauvutwi. Unapulizwa.

Ndiyo, unapulizwa kwa upepo! Wanaleta kompresa inayonguruma kijiji kizima kisikie. Wanatanguliza kipande cha sponji kuhakikisha bomba halijabonyea popote. Kikitokea upande wa pili, wanaingiza waya kwenye mashine yenye magurudumu ya kuusukuma, pamoja na upepo mkali. Baba aliwahi kupewa kazi ya kukaa chemba ya mwisho, zaidi ya kilomita moja mbele, ambako hata kompresa yenyewe huisikii. Kazi yake ilikuwa kusubiri na kupiga kelele.

"Unakaa na mkono mdomoni mwa bomba," akaniambia. "Kwanza unakuja upepo. Unakuja muda mrefu, upepo tu. Halafu unasikia kitu kinakwaruza ndani kama panya. Hapo ndio unawaambia wapunguze."

Kwa nini wapulize, wasivute? Hapa nilifurahi maana fizikia yake ninaijua, na nyinyi pia mnaijua mliokulia kwenye ng'ombe. Ukiwa na fahali mkaidi hushindani naye kwa mikono. Unazungusha kamba kwenye mti mara mbili, basi, unaweza kumshika kwa vidole. Kila mzunguko unazidisha msuguano, hauongezi tu, unauzidisha. Sasa bomba lililofukiwa lina kona nyingi ndogo ndogo, hapa limekwepa jiwe, pale limekwepa mti. Kila kona ni kama kipande kidogo cha mzunguko wa ile kamba. Ukivuta kutoka mwisho, mkazo unazidishwa kona kwa kona mpaka waya unakatika kabla haujafika. Upepo hauvuti sehemu moja. Unapita ubavuni mwa waya mzima na kuubeba kila mahali kidogo kidogo, kwa hiyo hakuna sehemu inayobeba mzigo wote.

Mwisho kabisa wanakuja mafundi wa kuunga. Ndani ya ule waya kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kila uzi unayeyushwa na mwenzake kwa mashine ndani ya gari au kihema, vumbi lisiingie. Na kwenye kila chemba wanaacha waya wa ziada umezungushwa, mita kadhaa. Baba aliudhani ni upotevu. Fundi akamwambia: huu ni wa siku utakapokatika.

Hilo neno la fundi nililikuta tena baharini.

Baharini kunakuwa na meli maalumu. Tumboni ina matangi makubwa ya duara, na kebo inakunjwa humo mzunguko kwa mzunguko, tabaka juu ya tabaka, na mpaka leo inapangwa na watu wanaotembea kwa kuzunguka ndani ya tangi wakiilaza kwa mikono. Kazi ya majuma. Huwezi kuiachia mashine, kwa sababu ikipanda mkunjo mmoja juu ya mwingine vibaya leo, mwezi ujao katikati ya bahari inatoka na fundo.

Ufukweni meli haifiki, maji ni mafupi. Inasimama mbali, kebo inaelea juu ya maboya, inavutwa mpaka nchi kavu, halafu maboya yanaondolewa moja moja inazama. Karibu na pwani kebo ni nene, imevikwa nyaya za chuma, na inafukiwa na jembe kubwa linaloburutwa na meli. (Baba aliposikia hili la jembe alitabasamu.) Kwenye kina kirefu haifukiwi tena. Inalazwa tu juu ya sakafu ya bahari, na huko inakuwa nyembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Ndani ya kipande kile chembamba ndimo lilimopita taifa zima.

Sasa tazama hesabu yake. Meli ikienda mwendo wake wa kawaida juu ya kina cha kilomita tatu, kebo inayotoka nyuma haining'inii kama kamba ya kuanikia nguo. Maji yanaishika, inashuka karibu kama mstari mnyoofu wenye mteremko mdogo, na mahali inapogusa chini ni zaidi ya kilomita kumi nyuma ya meli. Kipande unachokiachia sasa hivi kitatua baada ya zaidi ya saa nzima, mahali ambapo hukuoni. Ndiyo maana kazi yote iko kwenye breki. Meli lazima itoe kebo ndefu kidogo kuliko njia yenyewe, asilimia mbili au tatu zaidi. Ukibana mno, kebo inabaki imening'inia kati ya kilima na kilima huko chini, inachezeshwa na mikondo mpaka isagike. Ukilegeza mno, inajikunja kama uzi wa mama mshonaji.

Watu walijifunza hili kwa hasara. Kebo ya kwanza ya kuvuka Atlantiki, 1858, ilifanya kazi kama majuma matatu ikafa. Ya 1865 ilikatika katikati ya safari. Mwaka uliofuata meli ile ile, Great Eastern, ikatandaza nyingine ikafanikiwa, halafu ikarudi kuivua ile ya zamani kutoka kina cha kilomita kadhaa kwa ndoano ya chuma, ikaungwa ikamaliziwa. Na kwetu? Msidhani mambo haya yalianza na SEACOM. Zanzibar iliunganishwa kwa kebo ya telegrafu mwaka 1879, kutoka Aden, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban. Wakati kutoka pwani kuja Meru ilikuwa majuma ya kutembea kwa miguu, mtu wa Shangani angeweza kupata habari za London siku hiyo hiyo.

Hata angani wamejaribu. Mwaka 1996 wanaanga wa chombo cha Columbia waliachia satelaiti iliyofungwa kwa waya wa kilomita zaidi ya 20. Ulipofika kilomita 19.7 ukakatika: umeme uliruka penye hitilafu ndogo ya ganda lake, ukauunguza. Miaka minne kabla yake, jaribio kama hilo lilikwama kama mita 260 tu, kwa sababu ya bolti moja iliyochomoza kwenye mtambo wa kuachilia waya. Bolti moja! Nilipomsimulia baba alitikisa kichwa akasema, "Hawakupitisha sponji."

Sasa, Jumapili yangu. Februari ya mwaka huo huo wa 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Ilidhaniwa ni nanga ya meli iliyokuwa imepigwa kombora ikaburuzika. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa tayari inachechemea. Halafu tarehe 12 Mei, kaskazini ya Durban, EASSy na SEACOM zikakatika zote mbili. Tulikuwa na njia mbili za kusini, lakini zilipita jirani. Ni kama kuwa na akiba mbili na kuziweka kwenye kibubu kimoja.

Meli ya kurekebisha, Léon Thévenin, hukaa Cape Town. Ikang'oa nanga siku zile zile, na mpaka mwisho wa mwezi kazi ikawa imeisha. Namna yenyewe ni ya kizamani ajabu: wanajua kwa vipimo vya mwanga imekatika wapi, wanaburuta ndoano mpaka inase, wanainua ncha moja, wanaifunga kwenye boya, wanakwenda kuitafuta ya pili, wanaunganisha kwa kipande kipya, wanaiachia taratibu. Kile kipande kipya lazima kiwe kirefu, maana ncha mbili zilizolala chini ya bahari haziwezi kukutana juu ya meli bila nyongeza. Wa siku utakapokatika, kama alivyosema fundi wa chemba.

Na makosa mengi ya kebo baharini, wanasema wenye kazi yao, husababishwa na nanga na nyavu za wavuvi, huko karibu na pwani kwenye maji mafupi. Kilindini hakuna mtu wa kuigusa. Nchi kavu ni hivyo hivyo: greda la barabara, mtu wa bomba la maji, mtu anayechimba msingi. Dawa yake ni ile ile, kina. Mita moja na nusu. Ile ambayo mama aliigombeza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa anatania kwenye simu. Usiku ule aliposikia redio, alikuwa anakikagua kipande chake kichwani, jiwe kwa jiwe, miaka kumi na minne baadaye. Mwanawe yuko mjini anahangaika, na yeye anajiuliza kama ni pale penye mzizi wa mfuru, au pale kwenye jiwe la siku tatu.

Kuna kitu kimoja kinanikera na nitakisema. Ule waya unapita chini ya barabara, na nyumbani kwetu juu hakuna kitu. Tunatumia bando kama wengine. Mama husema, "Imepita tu, haikupiga hodi." Sina jibu lake. Naliweka hapa kwa sababu kila tunaposoma habari za kilomita elfu kadhaa, kuna watu waliochimba ambao ile kilomita ya mwisho haijawafikia.

Haya, ile fomu.

Jumatano iliyopita baba alishuka gulioni Tengeru kuuza ndizi, tukakutana. Tulikula, nikamsindikiza kwa miguu hadi anapopandia gari. Njiani akasimama penye kile kinguzo kifupi cha zege cha kuonyesha kwamba chini kuna waya, vile ambavyo tunavipita kila siku hatuvioni. Akakigonga kwa fimbo. Nikaona hapo hapo nimwambie. Nikamwambia kuna fomu imeniuliza kazi ya mzazi, na kwamba zamani niliwahi kudanganya.

"Najua," akasema.

Nikamwonyesha kwenye simu nilichoandika safari hii, nikamsomea: "Mkulima. Mwaka 2010 alichimba kwa mikono sehemu ya mfereji wa nyaya za mawasiliano kando ya barabara ya Arusha na Moshi."

Akafikiri. Gari lake likaja, konda anapiga bodi, baba hajapanda.

"Umesahau kina," akasema. "Mfereji kila mtu anachimba. Andika mita moja na nusu."

Nimeandika. Nikatuma siku ile ile, siku tisa kabla ya mwisho. (Mnaona? Nimekua.) Majibu yakitoka, yakiwa mazuri au mabaya, nitawajuza hapa hapa.

Haya wadau, niwaache, foleni ya mama ntilie imeanza kuwa ndefu. Wenye wazazi wasalimieni. Tukutane wiki ijayo umeme ukiruhusu.